Nyuso saba za Auschwitz: Dina Gottliebová na picha alizonyimwa

Makumbusho ya Auschwitz-Birkenau, iliyokuwa kambi ya mauaji ya Wanazi katika mji wa Oświęcim kusini mwa Poland, yanahifadhi picha saba za rangi za maji. Kila moja ni sura ya mtu mmoja, wanawake kwa wanaume, wote Waroma, jamii ya wachache ya Ulaya iliyozoeleka kuitwa Wajipsi. Walichorwa mwaka 1944 ndani ya kambi ileile waliyofungwa. Sahihi inasomeka Dinah 1944. Aliyeitia alikuwa msichana wa Kicheki kutoka Brno, Myahudi wa miaka 21, mfungwa kama wao. Yeye alinusurika. Akaishi hadi mwaka 2009, na kwa zaidi ya miaka thelathini alizidai picha hizo. Kila alipodai, makumbusho yalikataa.

Habari hii husimuliwa kwa namna mbili, na zote mbili ni za haraka mno. Wapo wanaosema bibi aliyeokoka mauaji amedhulumiwa mara ya pili, safari hii na watunza kumbukumbu. Wapo wanaosema ushahidi wa mauaji ya halaiki hauwezi kutundikwa sebuleni kwa mtu. Kwa maoni yangu Dina alikuwa na haki zaidi kuliko alivyopewa, na nitaeleza kwa nini. Lakini hukumu ya namna hiyo haina uzito mpaka tujue picha zilichorwa vipi, ziliagizwa na nani, na waliokaa kuchorwa walikuwa akina nani.

Kutoka Brno hadi Birkenau

Annemarie Dina Gottliebová alizaliwa Brno tarehe 21 Januari 1923, wakati Chekoslovakia ilikuwa taifa changa lenye umri wa miaka minne tu. Alipenda kuchora tangu utotoni, na mwaka 1939 alikuwa Prague akisomea sanaa. Mwaka huohuo, mwezi Machi, majeshi ya Hitler yaliingia. Wayahudi walianza kunyang'anywa kazi, shule, bustani za kupumzikia, hata ruhusa ya kuingia sinema. Mwanzoni mwa 1942 mama yake, Johanna, aliitwa kusafirishwa kwenda geto la Terezín, mahali Wayahudi walikofungiwa. Dina hakuwa kwenye orodha ile. Alijiandikisha mwenyewe ili asimwache mama yake. Tuushike uamuzi huo, maana utajirudia mbele ya mtu wa kutisha zaidi.

Septemba 1943 wote wawili walipakiwa kwenye treni pamoja na wafungwa wapatao 5,000 na kupelekwa Auschwitz-Birkenau. Walitengwa kwenye eneo lililoitwa kambi ya familia. Tofauti na wengine, hawakuchambuliwa nani aishi na nani auawe pale walipofika, hawakunyolewa, na watoto waliachwa na wazazi wao. Hawakujua kwamba kwenye karatasi zao maofisa wa SS, kikosi cha Wanazi kilichoendesha kambi, walikuwa wameandika muda wa miezi sita, kisha kifo.

Kijana wa Kijerumani wa Kiyahudi, Fredy Hirsch, aliwashawishi walinzi wamruhusu kulitenga banda moja, nambari 31, liwe la watoto. Banda lilikuwa la mbao, halina madirisha ya kutazamia nje. Hirsch alimwomba Dina alipambe. Dina akachora ukutani mandhari ya malisho na milima, kisha akawauliza watoto wanataka nini kingine. Wakataka Snow White na vibete wake, kutoka filamu ya Disney ya mwaka 1937 ambayo Dina alikuwa ameitazama Prague. Akaichora kwa kumbukumbu. Adhabu ya kukamatwa na rangi za wizi kambini ilikuwa inajulikana, naye aliendelea.

Daktari aliyetaka rangi ya ngozi

Ukuta ule ulimpeleka kwa Josef Mengele, daktari wa SS kambini humo. Ofisa mmoja wa SS aliuona, akauliza nani kauchora, na baada ya muda Dina akachukuliwa kwa gari. Alidhani ni mwisho wake. Akafikishwa kwenye kambi ya Waroma, ambako Mengele alikuwa ameweka kamera akipiga picha wafungwa. Filamu za rangi za siku zile hazikumridhisha, zilipotosha rangi ya ngozi. Akamuuliza kama angeweza kuitoa rangi hiyo sawasawa kwa brashi. Dina akajibu kwamba angejaribu.

Kilichofuata ndicho kiini cha maisha yake yote ya baadaye. Mapema Machi 1944 miezi sita ilikuwa inatimia. Wafungwa wa kundi la Septemba walipewa kadi za posta wawaandikie ndugu zao, wakaamriwa waandike tarehe ya mbele, siku ambayo wengi wao wangekuwa wameshakufa. Dina alisimulia kwamba Mengele alipoamua kumbakiza, alimwambia hawezi kubaki bila mama yake, na kwamba akikataliwa atakwenda kuushika waya wa umeme wa uzio ajiue. Mengele akauliza namba ya mama. Usiku wa tarehe 8 kuamkia 9 Machi, karibu watu 3,800 wa kundi lile waliuawa kwenye vyumba vya gesi, wakiwamo watoto wa banda 31. Fredy Hirsch alikufa siku hiyohiyo. Dina na Johanna walikuwa miongoni mwa wachache waliobakizwa.

Baada ya hapo akawa anachukuliwa kwenda kambi ya Waroma kufanya kazi. Kwa masimulizi yake alikuwa na viti viwili: kimoja cha kukalia, kingine cha kuegemezea karatasi. Mara ya kwanza aliruhusiwa kumchagua mtu wa kuchora, na alimchagua mwanamke kijana kutoka Ufaransa, Celine, aliyejifunga kitambaa cha buluu kichwani. Mtoto mchanga wa Celine alikuwa amefariki siku chache nyuma. Tumbo la mama huyo lilikuwa limekataa mkate mweusi wa kambini, na Dina alimtafutia mweupe. Walikuwa wakiongea wakati kazi inaendelea, na Dina aliivuta kazi makusudi, kwa sababu kila siku ya kuchora ilikuwa siku ya kuishi kwao wote wawili. Mengele alipokuja kukagua alikuwa na agizo moja: sikio lionekane. Kitambaa kikasogezwa nyuma, na kwenye picha sikio lipo.

Picha hii inahitaji kutazamwa kwa utulivu. Kilemba laini, shingo imeinama kidogo, macho hayamtazami mtazamaji. Mtu asiyejua lolote angeona mama mwenye huzuni. Anayejua habari ya sikio anaona mikono miwili ikivutana juu ya karatasi moja: mmoja unataka kipimo, mwingine unataka mtu. Mimi naona mkono wa Dina ndio ulioshinda, na sisemi hivyo kwa sababu ya kumhurumia. Kielelezo cha maabara hakihitaji huzuni, na huzuni ile hakuna aliyeiagiza.

Elimu iliyopitia Afrika

Kwa nini daktari wa kambi ya mauaji ahangaike na rangi na masikio? Mengele hakuwa mwendawazimu aliyejibunia mambo yake. Alikuwa na shahada ya anthropolojia ya München na ya udaktari ya Frankfurt, mwanafunzi wa profesa Otmar von Verschuer. Mwaka 1942 Verschuer alishika uongozi wa taasisi ya anthropolojia ya Kaiser Wilhelm huko Berlin, na kutoka Auschwitz Mengele alimpelekea damu na viungo vya waliouawa, yakiwamo macho ya Waroma. Mkuu wa kwanza wa taasisi hiyo, tangu 1927, alikuwa Eugen Fischer. Jina la Fischer lilikuwa limejengwa na utafiti alioufanya mwaka 1908 kwa watu wa Rehoboth, katika nchi tunayoiita leo Namibia, wakati huo koloni la Ujerumani, miaka ileile ya maangamizi ya Waherero na Wanama.

Kwa hiyo njia iliyofika kwenye sikio la Celine ilianzia kwetu. Makusanyo ya Berlin bado yana mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyochukuliwa kutoka Afrika Mashariki ya Kijerumani, mengi kutoka Rwanda na mengine Tanzania. Fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lilitajwa hadi kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, na bado Wahehe walisubiri mpaka 1954 ndipo likarudishwa kutoka Bremen. Wasomaji wa Kiswahili hawahitaji kufundishwa maana ya taasisi kushikilia kitu cha mtu na kukiita kielelezo.

Hollywood

Usiku wa tarehe 2 Agosti 1944 kambi ya Waroma ilifungwa. Watu kati ya 4,200 na 4,300 waliobaki waliuawa kwa gesi. Kati ya Waroma wapatao 23,000 waliopelekwa Auschwitz, karibu 21,000 walifia huko. Dina aliyasikia magari usiku ule. Kazi ya sura ikaisha kwa sababu watu wa kuchorwa walikuwa wameisha.

Januari 1945, Jeshi Jekundu la Kisovieti likikaribia, yeye na mama yake walitembezwa kwenye theluji kuelekea Ujerumani. Walipitia Ravensbrück, kisha kambi ndogo ya Neustadt-Glewe, na Mei wakawa huru. Mengele alitoroka, akaishi Amerika ya Kusini na kufia Brazil mwaka 1979 bila kufikishwa mahakamani.

Baada ya vita Dina alirudi Prague, kisha akaenda Paris kutafuta kazi ya katuni. Aliyemsaili kwa kazi alikuwa Mmarekani, Art Babbitt, mmoja wa wachoraji wakuu wa filamu ileile ya Snow White. Ndiye aliyempa uhai malkia mwovu. Wakaoana, wakahamia California, wakapata binti wawili, na baadaye wakaachana. Dina Babbitt alifanya kazi katika studio za katuni kwa miaka mingi: Tweety, Daffy Duck na Speedy Gonzales ni baadhi ya wahusika waliopitia mikononi mwake. Watoto wengi wa Afrika Mashariki wa miaka ya themanini na tisini walikua wakicheka na michoro hiyo kwenye televisheni.

Mkoba wa mwaka 1973

Makumbusho yalianzishwa mwaka 1947 kwa sheria ya bunge la Poland. Mwaka 1963 yalipata picha sita kutoka kwa mtu aliyekuwa mfungwa, na ya saba mwaka 1977. Watumishi wake walifanya kazi nzuri ya kumtafuta aliyetia sahihi, wakampata Marekani, wakamwandikia. Mwaka 1973 Dina alisafiri hadi Oświęcim akiwa amebeba mkoba wa kuzichukulia. Alizitambua, alilia, akadhani mambo yamekwisha. Akaambiwa haziondoki.

Hoja ya makumbusho si ya kupuuzwa. Wanasema kwanza kwamba hizi si kazi binafsi za sanaa. Ni nyaraka zilizotengenezwa kwa amri ya moja kwa moja ya Mengele, na mchoraji alizifanya ili aokoe maisha yake. Pili, mambo yaliyofanyika Auschwitz yanapaswa kuthibitishwa Auschwitz, mahali ambapo mtu anayekanusha anaweza kuonyeshwa. Tatu, wakimrudishia mmoja, atakuja mwenye koti, mwenye kiatu, mwenye picha nyingine, maana wafungwa wengi walichora, wengine kwa siri na wengine kwa amri, na hazina ya kumbukumbu itabomoka.

Hoja ya pili ndiyo yenye nguvu, na inawahusu Waroma zaidi ya mtu yeyote. Mauaji yao yalikanushwa kwa heshima zote za kisheria. Mwaka 1956 mahakama kuu ya rufani ya Ujerumani Magharibi iliamua kwamba hatua walizochukuliwa kabla ya 1943 zilikuwa za kiusalama, si za ubaguzi wa rangi, na kwa uamuzi huo wengi wakanyimwa fidia. Serikali ya nchi hiyo ilikiri rasmi kwamba yalikuwa mauaji ya halaiki mwaka 1982 tu, chini ya Helmut Schmidt. Mwaka 2015 ndipo Bunge la Ulaya lilipoitambua tarehe 2 Agosti kuwa siku ya kuwakumbuka. Kwa watu waliosubiri hivyo, picha saba zenye sura za ndugu zao, zilizochorwa ndani ya kambi, hazina mbadala. Mashirika ya Waroma yaliposema zibaki Auschwitz, hayakuwa yanashindana na bibi wa California. Yalikuwa yanazuia wafu wao wasifutwe tena.

Hoja ya kwanza ndiyo inayonishinda kuikubali. Tuseme picha si za Dina kwa kuwa ziliamriwa. Basi ni za nani? Katika kazi ya kawaida, mwajiri anayelipa mshahara anaweza kudai kilichotengenezwa na mfanyakazi wake. Mfungwa si mfanyakazi. Hakukuwa na mkataba, na mapatano yanayofanywa mtu akiwa ameonyeshwa kifo cha mama yake hayatambuliwi na sheria ya nchi yoyote iliyostaarabika. Ukiifuata hoja ya amri hadi mwisho wake, haki inarudi kwa aliyeamuru, na hakuna mtu mwenye akili timamu Oświęcim anayeitaka njia hiyo. Ikishaondolewa haki ya Mengele, anayebaki ni mwenye brashi.

Hapa ni vizuri kutenganisha mambo mawili ambayo mjadala wenyewe huyachanganya. Kuna haki ya mtunzi: kutajwa jina, kazi isiharibiwe. Haki hiyo hubaki kwa aliyechora hata karatasi ikiuzwa mara kumi. Kuna umiliki wa karatasi yenyewe, kitu kinachoshikika. Aliyeziokota au kupewa wakati wa machafuko ya 1945 hakuwa na mamlaka ya kuzigawa kama zake, ingawa huenda asingekuwa yeye zingepotea kabisa. Makumbusho yalizipokea kwa nia njema, na hilo halimalizi swali la mwenyewe kujitokeza akiwa hai, akitambua kila mstari.

Marekani ilimuunga mkono. Mbunge Shelley Berkley wa Nevada alilisukuma suala hilo, na Bunge la nchi hiyo likatoa azimio kutaka arejeshewe picha. Mwaka 2006 wachoraji wa katuni wapatao 450 walitia saini ombi kwa makumbusho, na magwiji wa vitabu vya katuni Neal Adams, Joe Kubert na Stan Lee walishirikiana kuitoa habari yake kwa michoro. Shinikizo hilo lilimpa Dina faraja ya kujulikana, lakini pia liliufanya ugomvi uonekane kama wa Wamarekani dhidi ya Wapolandi, na nchi iliyopoteza mamilioni ya raia wake mikononi mwa Wanazi haikupenda kufundishwa na Washington namna ya kutunza makaburi yake.

Hoja ya tatu, ya kubomoka kwa hazina, ilijibiwa na tukio la karibu sana. Mwaka 2005 Mfaransa mmoja alilitambua sanduku la marehemu baba yake kwenye maonyesho ya Paris. Lilikuwa limeazimwa kutoka Auschwitz. Alikataa lirudi Poland, akaenda mahakamani. Mwaka 2009 pande mbili zilipatana: sanduku likabaki Paris kwenye kituo cha kumbukumbu, kwa mkopo wa muda mrefu. Hazina haikubomoka. Mwezi mmoja au miwili baada ya mapatano hayo kutangazwa, mwishoni mwa Julai 2009, Dina Babbitt alifariki kwa saratani huko Felton, California, akiwa na miaka 86, bila hata picha moja.

Suluhu ya aina hiyo ingewezekana kwake. Makumbusho yangeweza kukiri kwa maandishi kwamba picha ni zake, naye akaombwa aziazime kwa Auschwitz zote au nyingi, Celine akienda California kwa muda wa uhai wake. Ushahidi usingepotea. Waroma wangebaki na nyuso zao mahali zinapohitajika. Na mwanamke aliyeokolewa na picha hizo, yeye na mama yake, angepata jibu tofauti na hapana. Naamini kilichokosekana si kanuni ya kisheria. Taasisi iliogopa neno "mmiliki" kiasi kwamba haikuona ni nani aliyekuwa amesimama mbele yake.

Tena thamani ya picha kama ushahidi inamtegemea Dina zaidi ya makumbusho yanavyokiri. Baadhi ya picha zina maandishi ya Kijerumani yanayotaja aina ya mtu na nchi aliyotoka, kama lebo kwenye kabati la vielelezo, pasipo jina lake. Habari za mtoto aliyekufa, mkate mweupe, kitambaa kilichosogezwa, zote zimetoka kwenye kinywa cha aliyechora. Bila masimulizi yake tungebaki na kile alichokitaka Mengele: mfano wa kabila. Jina la Celine tunalijua kwa sababu Dina alilikumbuka.

Familia yake imeendelea kudai baada ya kifo chake. Picha zote saba bado ziko Oświęcim.